Msumeno wa umeme ukifa, usikimbilie dukani

Mpenzi msomaji, ikiwa wewe ni miongoni mwa wale ambao Jumamosi ikifika huacha mengine yote na kushika randa na msumeno, makala ya leo ni yako. Na kama mwenye ugonjwa huo wa mbao ni mumeo, mkeo au kaka yako, msomee kwa sauti. Huenda ukaziokoa pesa za nyumba.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwaundia binti zangu wawili kitanda cha ghorofa. Nyanya yao alikuwa anakuja kutoka mashambani kukaa nasi kwa muda, na kitanda walichokuwa wakilalia kilikuwa kitwaliwe na mgeni. Niliwaahidi kwamba shule zikifungwa watakuta kitanda kipya, mmoja juu na mwingine chini. Miguu ilikuwa tayari na ngazi pia. Ubao wa kichwani ndio uliobaki, nao nilikuwa nimeuchora kwa mkunjo kama wimbi la bahari. Nikiwa katikati ya wimbi hilo, jigso yangu ilitoa cheche nyingi za samawati, ikakohoa mara mbili, kisha ikanyamaza kimya.

Jigso, kwa msomaji asiyeijua, ni ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka kwa kasi. Msumeno wa kawaida wa seremala hukata mstari ulionyooka. Jigso hupinda kona, hukata duara, na hutoboa shimo la sinki katikati ya ubao bila kugusa kingo. Akina mama hasa watafurahi kujua kwamba asili yake ni cherehani. Mnamo 1946, mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla mjini Solothurn, Uswizi, aliitoa sindano ya cherehani na mahali pake akatia bledi ya msumeno. Mwaka uliofuata mashine hiyo ikaanza kuuzwa. Ukiitazama jigso ikifanya kazi hadi leo, utaiona sindano ile ile ikishona, ila hii haiunganishi, inatenganisha.

Basi yangu ilipozima, nilifanya lile ambalo wengi wetu hufanya. Niliiita mzoga. Jumatatu akapita kijana anayenunua vyuma kuukuu, nikamwuzia kwa Sh80. Jioni yake nikaingia duka moja jijini, nikaonyeshwa boksi lenye jina la kampuni ambayo kila seremala anaijua, bei Sh2,800. Nililipa kwa simu bila hata kuifungua vizuri. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, nami niliisoma methali hiyo tangu shule ya msingi bila kuielewa.

Mashine ile haikuona wiki ya tatu. Kwanza ilikata mshazari, kwa kuwa kitako chake kilikuwa cha bati jepesi lisilokaa sawa. Iliharibu nusu ya plaiwudi ya milimita 18 niliyokuwa nimeweka akiba. Kisha ikaanza kunuka mpira unaoungua. Kisha moshi. Nilipoirudisha, mwenye duka alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona, na risiti aliyokuwa amenipa haikuwa na jina la duka wala la mashine. Nyumbani, nyanya alikuwa amekwisha kufika, na binti zangu walikuwa wakilalia godoro sakafuni. Baba watoto hakupandisha sauti. Alisema tu, "Pesa ambazo tungemlipa fundi zimekwisha kwa mashine, na kitanda hakuna." Ningependa angefoka.

Ndipo nilipokwenda kumwona mzee mmoja mwenye karakana ya mbao karibu na kituo cha matatu mtaani petu. Nilimweleza yote. Hakuuliza habari za mashine mpya. Aliuliza, "Ile ya kwanza ilikufaje, mama?" Nikamweleza zile cheche na kule kukohoa. Akacheka kidogo, akafungua droo na kunionyesha vipande viwili vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole changu. "Kaboni," alisema. "Ilikuwa imeisha kaboni tu. Iko wapi nikutilie?"

Sikuwa na jibu, msomaji. Ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa Sh80.

Uchunguze mzoga kwanza

Hilo ndilo somo la kwanza, nami nimelilipia ili wewe usililipie. Kabla ya kutafuta jigso nyingine, jua ile uliyo nayo imekufa kwa nini. Ndani ya mota kuna vipande viwili vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka. Vipande hivyo huliwa kidogo kidogo, kama chaki ubaoni. Vikiwa vifupi, mashine hutoa cheche nyingi, hukatikakatika, halafu huzima. Kuvibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mashine.

Jambo la pili la kukagua ni waya, hasa pale unapoingia kwenye mkono wa mashine. Hapo ndipo unapopindwa kila siku, na mara nyingi hukatika ndani ilhali nje unaonekana mzima. La tatu ni swichi, ambayo hujaa unga wa mbao ikashindwa kugusana.

Lakini kama mashine ilitoa moshi na harufu kali ya kuungua, yaelekea nyaya za mota zenyewe zimeungua. Hizo zaweza kusukwa upya, ila uliza bei kwanza. Mimi nimejiwekea kanuni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, naiacha. Hata hivyo siitupi, kwani kitako, swichi na skrubu zake zinaweza kuifaa nyingine ya aina hiyo.

Fauka ya hayo, jiulize ni nani aliyeiua. Mara nyingi muuaji ni sisi wenyewe. Tunasukuma kwa nguvu bledi butu, tunaipa jigso ndogo ubao wa mvuli wa inchi mbili, tunaziba kwa mkono matundu ya hewa, na unga wa mbao unaganda ndani bila kupulizwa. Usipoacha tabia hizo, hata ukinunua mashine ya bei ya ng'ombe, nayo utaiua.

Unakata nini hasa?

Ukishahakikisha kwamba ya zamani haifufuki, usianze na bei. Anza na kazi. Twaa karatasi uandike mambo matano uliyokata mwaka uliopita. Yangu yalikuwa rafu, mlango wa kabati, stuli, sanduku la vitabu na kile kitanda. Yote yalikuwa ya plaiwudi, blokbodi na mbao za saipresi zisizozidi inchi moja na nusu. Kwa kazi kama hizo, mashine ya wati 500 hadi 650 yatosha kabisa. Kama unakata mbao ngumu kama mvuli mara kwa mara, tafuta ya wati 700 au zaidi.

Usidanganywe na maandishi ya boksi yanayosema kwamba jigso hukata ubao wa milimita 80 au 100. Ni kweli inaweza kupenya. Lakini bledi yake ni nyembamba na imeshikwa upande mmoja tu, hivyo katika ubao mnene ncha ya chini hutangatanga. Juu utaona mstari mzuri, ukigeuza ubao utakuta njia ya nyoka. Kwa mbao nene na mistari mirefu iliyonyooka, msumeno wa mkono ulionolewa vizuri, au msumeno wa umeme wa mviringo, utakufaa zaidi. Jigso ni ya mikunjo.

Sifa nyingine za kuangalia ni tatu. Ya kwanza ni kasi inayoweza kupunguzwa. Jigso nyingi hufika mipigo 3,000 hivi kwa dakika, nayo ni sawa kwa mbao, lakini plastiki huyeyuka na bati hupasha bledi moto mpaka ikawa butu. Mashine yenye kasi moja tu itakufunga mikono.

Ya pili ni kitasa kidogo cha upande chenye alama 0 hadi 3. Hicho huifanya bledi isogee pia mbele na nyuma inapopanda na kushuka. Kwenye 3, inakula mbao laini kwa pupa na kuacha kingo zenye makovu. Kwenye 0, inakwenda polepole na kuacha kingo safi. Mikunjo ya kubana, plaiwudi na chuma hutaka 0. Mashine yangu ya Sh2,800 ilikuwa na kitasa hicho, lakini ukikizungusha hakuna kinachobadilika.

Ya tatu ni urefu wa safari ya bledi. Katika mashine nyingi bledi hupanda na kushuka kati ya milimita 18 na 26. Yenye safari ndefu hukata upesi na kutoa unga vizuri. Yenye safari fupi si mbaya, ila inataka subira.

Ya waya au ya betri?

Swali hili huleta ubishi mwingi. Ya betri ni tamu, kwani haina waya wa kuburura, na umeme ukipotea unaendelea na kazi. Lakini betri ndiyo ghali, na ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Ikiwa tayari una drili ya betri ya volti 18, ulizia jigso ya kampuni hiyo hiyo inayouzwa bila betri. Utapunguza gharama sana. Kama huna, na kazi zako ni za uani pa nyumba, ya waya itakupa nguvu zaidi kwa pesa ile ile.

Usihofu tokeni za stima. Mashine ya wati 600 ikikata mfululizo kwa nguvu zake zote, itamaliza uniti moja baada ya saa moja na dakika 40. Na hakuna anayekata kitanda kwa muda wote huo bila kupumzika.

Jihadhari hata hivyo na zawadi. Wengi wetu tuna ndugu Marekani, na mashine zao ni nzuri. Tatizo ni kwamba umeme wa huko ni volti 120, wetu ni 240. Ukiichomeka jigso ya huko kwenye ukuta wa hapa kwa kubadilisha plagi tu, itaungua mara moja. Itahitaji transfoma yenye uwezo wa kubeba wati zake. Ya betri haina shida hiyo, mradi chaja yake imeandikwa volti 100 hadi 240. Yale maandishi madogo nyuma ya chaja yasome kabla ndugu yako hajalipa, si baada ya mzigo kufika.

Ukiwa dukani

Sasa umefika dukani. Mwombe mwenye duka aifungue. Akikataa, mwage kwa heri. Kwanza ishike kama utakavyoishika kazini na uone kama kidole kinafikia swichi bila kujinyoosha, hasa wewe mwenye mkono mdogo kama wangu. Nyingi zina uzito wa kilo mbili hivi, ambao mwanzoni ni kidogo, lakini baada ya nusu saa ni mwingi.

Kisha geuza utazame kitako. Cha aluminiamu nene iliyosubiwa ni bora kuliko cha bati lililokunjwa. Kiweke juu ya kioo cha kaunta na ujaribu kukitikisa. Kikicheza, hakiko sawa. Tia bledi, halafu twaa kitabu kipya cha mazoezi, kona yake ni mraba kamili, uisimamishe kati ya kitako na bledi. Ukiona mwanga mahali, rekebisha skrubu ya kitako na upime tena. Ikikataa kukaa sawa, rudisha boksini. Kipimo hicho cha kitabu cha mwanafunzi kingaliniokolea plaiwudi yangu.

Baadaye shika ncha ya bledi, mashine ikiwa haijachomekwa, uisukume kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, kucheza kama jino bovu si kawaida. Angalia pia kama kuna kigurudumu kidogo nyuma ya bledi kinachoigusa. Hicho ndicho kinachoizuia isikimbie. Mwisho, iwashe. Iwe na mlio mmoja usiobadilika, isiwe na sauti ya kokoto.

Uliza pia kuhusu spea: kaboni zake zapatikana wapi? Swali hilo peke yake laweza kukutenganishia mashine na sanamu ya mashine. Mwuzaji wa kweli atakwambia zipo au atakuelekeza zilipo. Yule wa pili atakwambia, "Hii haiharibiki." Kimbia.

Kuhusu bidhaa bandia, tazama jina la kampuni kwenye boksi na kwenye mashine, herufi kwa herufi. Linganisha nambari ya mashine na ile ya boksi. Tafuta alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Na dai risiti yenye jina la duka, jina la mashine na muda wa dhamana. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Lakini haki bila risiti ni kama panga bila mpini. Mimi nilikuwa na haki, ila sikuwa na cha kuishikia.

Bledi ndiyo hukata

Mzee wa karakana alinipa neno moja ambalo naliweka mbele ya yote haya. "Mota inasukuma tu, mama. Bledi ndiyo inayokata." Watu hutoa maelfu kwa mashine, kisha hutumia bledi ile ile iliyokuja nayo mpaka inang'aa kwa ubutu.

Bledi za kisasa nyingi zina mkia wenye umbo la herufi T, nazo hupatikana kwa urahisi. Za mkia wa herufi U ni za mashine za zamani na baadhi ya za bei rahisi. Hakikisha mashine unayochukua inapokea za T. Meno makubwa, kama 6 kwa inchi, ni ya kukata upesi. Meno 10 au zaidi ni ya kukata kwa usafi. Ya chuma huwa madogo zaidi. Kwa mikunjo ya kubana, kuna bledi nyembamba zaidi.

Kumbuka pia kwamba meno mengi huelekea juu, hivyo upande wa juu wa plaiwudi ndio unaochanika. Uweke upande mzuri chini, uchore mstari nyuma. Ukilazimika kukata kwa juu, bandika selotepu juu ya mstari kwanza, kisha kata polepole.

Na kwa jina la Mola, jilinde. Chomoa waya kabla ya kubadilisha bledi, na usiiguse upesi kwa kuwa huwa moto. Vaa miwani, na unapokata MDF funika pua, kwani vumbi lake ni jembamba na lina gundi. Fungua waya wote wa ekstensheni, usiuache umeviringwa kwani hupata joto. Usifanye kazi umejifunga leso inayoning'inia. Kabla ya kukata, pitisha mkono chini ya ubao uone kilichoko: mguu wa meza, waya wa mashine yenyewe, au goti lako. Na watoto wakae mbali, hata wakilia.

Naam, nilinunua ya tatu. Nilingoja zamu yangu ya chama, nikaenda na kitabu cha mazoezi ndani ya mkoba, na nikatoka kwenye duka la nne baada ya kuyakataa matatu. Haikuwa ya bei ya juu wala ya chini. Ina wati 650, kasi ya kupunguzwa na kitako kizito. Siku hiyo hiyo nilinunua jozi ya kaboni za akiba na bledi tano, nikazitia kwenye mkebe wa majani chai.

Kitanda kilikamilika wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Binti mkubwa alichukua juu, kwa ubabe. Ubao ulioharibiwa na mashine bandia sikuutupa. Niliutumia kushikilia godoro la chini, mahali ambapo hakuna anayeona ule mkato wa mshazari ila mimi ninapobadilisha shuka. Nyanya alipokikagua alikipigapiga kwa kiganja, akauliza ni fundi gani aliyekitengeneza. Baba watoto alinitazama, akasema, "Ni huyu hapa."

Basi msomaji, kabla ya kupanda matatu kwenda mjini, fungua ile ya zamani. Huenda haijafa.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.